Maji Niliyoyavulia Eproni

Kazi niliyoifanya hapa Birmingham hadi nilipostaafu ni kuosha watu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu najua wengi wenu mmekuja kuifanya kazi hiyohiyo, na najua mnavyoieleza mkipiga simu nyumbani. "Niko upande wa afya." Mimi nilisema niko hospitalini. Mama yangu kule Loboi, kando ya Ziwa Bogoria, akawatangazia majirani kwamba mwanawe ni daktari, na nilipoenda likizo nikakuta foleni ya wazee wenye magoti mabaya inaningoja uani. Nikatazama magoti, nikawaambia wapunguze chumvi. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu.

Siku hizi mnakuja kwangu Lozells Jumamosi, mnakunywa chai yangu, mnalalamika. Huyu amekataa kuoga, yule amekutemea mate, mwingine amekutupia sifongo. Mnataka niwape dawa. Dawa ninayo, lakini sikuipata Birmingham. Niliipata katika nyumba ya wageni ya Kijapani, mahali ambapo maji ya moto hutoka yenyewe ardhini, na siku niliyoipata nilikuwa uchi wa mnyama. Kwa hiyo ongezeni sukari, mkae, na msinikatize.

Kwanza mumjue aliyenifundisha kazi. Tulimwita Miss Pearl, mama wa Kijamaika, mfupi, mpana, mwenye sauti ya kufukuza mbwa. Siku yangu ya kwanza nilimshika mzee mmoja mkono ili nimwinue kitini, nikavuta. Miss Pearl alinipiga kibao cha bega.

"Huyo si ndoo ya kisimani," akasema. "Mtu havutwi. Unampa njia, anainuka mwenyewe."

Njia yenyewe ndiyo hii, na kama hamchukui kitu kingine leo chukueni hii. Miguu irudi nyuma kidogo chini ya kiti. Mtu ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Hapo makalio yatanyanyuka yenyewe, na kazi yako ni kuwa karibu tu. Mengine alinipa kidogokidogo. Maji pima kwa kiwiko, maana viganja vya wafanyakazi vimekufa ganzi. Uso osha bila sabuni. Sema kabla hujagusa. Sehemu usiyoiosha, ifunike. Na kwa mtu ambaye kiharusi kimemlegeza upande mmoja, akifika kwenye ngazi, Miss Pearl alikuwa na wimbo wake: "Mwema hupanda mbinguni kwanza, mbaya hushuka jehanamu kwanza." Maana yake mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Ukikosea mpangilio huo, mtaanguka wote wawili.

Wakati huo tulinyanyua watu kwa migongo yetu. Mgongo wangu mpaka leo hunitabiria mvua. Kisha zikaja mashine za kunyanyulia, na nazisifu, msije mkasema mzee huyu anapenda ya kale tu. Kisha ikaja simu ya kubonyeza ukifika na kubonyeza ukiondoka. Simu hiyo inajua umeingia saa ngapi na umetoka saa ngapi. Kama mtu ameoga, haijui.

Mzee Isamu nilipewa kwa sababu wenzangu walimshindwa. Alikuwa Mjapani aliyekuja Birmingham kijana, akafanya kazi ya mashine kwenye kiwanda cha magari kule Longbridge, akamwoa Mwingereza aliyeitwa Maureen, wakazaa binti mmoja, Janet. Sasa Maureen alikuwa amefariki, kiwanda kimekuwa maduka na nyumba, na Janet mwenyewe anaishi kwenye mojawapo ya nyumba hizo. Mzee alibaki peke yake Kingstanding, upande wa kushoto umelegea kwa kiharusi. Kila mfanyakazi aliyetumwa kumwosha aliripoti neno moja: amekataa. Alikuwa ananuka, na alijua kwamba ananuka, na kujua huko ndiko kulikomfanya awe mkali.

Nilipoingia alinitazama kutoka kitini.

"Na wewe umekuja kunipika?"

"Kukupika, Mzee?"

"Mnaniweka kwenye bafu, mnatia sabuni, mnaniacha nichemke humo na uchafu wangu. Kwetu hiyo si kuoga. Hiyo ni supu."

Nilicheka kabla sijajizuia. Akanikazia macho, kisha na yeye akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa hauwezi. Nikavuta kiti nikamwambia anieleze kuoga ni nini. Akanieleza kwamba mtu hukaa kwenye kigoda nje ya maji, akajisugua, akajisuuza mpaka sabuni yote imekwisha, ndipo akaingia kwenye maji ya moto, akiwa tayari msafi. Maji ya kukaa si ya kuondolea uchafu. Ni ya kupumzikia.

Basi nikashuka hadi dukani hapa Lozells nikanunua kigoda cha plastiki na ndoo, nikapanda navyo basi mpaka Kingstanding, watu wananitazama kama ninayehama. Nilimwosha Mzee Isamu nje ya bafu, kwa kata, kama tulivyooga sote utotoni. Kilichonipita ni kwamba vyumba vya kuogea vya nyumba zile havikujengewa maji ya sakafuni. Maji yakapenya yakashuka jikoni, na jikoni alikuwepo Janet, amekuja kumtazama baba yake, anakunywa chai. Nikasikia hatua zikipanda ngazi.

"Kiprop," akasema mlangoni, nywele zinamdondoka maji, "baba yangu anaoga au anazama?"

"Naoga!" Mzee akajibu. "Funga mlango, baridi inaingia."

Janet alisimama pale, akaanza kulia na kucheka pamoja. Tangu kiharusi kimpige, hakuwa amemsikia baba yake akisema neno hilo. Baadaye halmashauri ilimtengenezea bafu lenye sakafu ya kupitisha maji, baada ya Janet kuwapigia simu mpaka wakachoka na sauti yake.

Jambo lililomuumiza Mzee kuliko yote lilikuwa taulo. Kwao mtu huoga na kitaulo kidogo, hukikamua mwenyewe, na yeye kwa mkono mmoja hakuweza. Nilimfundisha ujanja wa Miss Pearl: izungushe taulo kwenye shingo ya bomba, shika ncha zote mbili kwa mkono mzima, kisha sokota. Siku alipoikamua mpaka tone la mwisho alikaa akiitazama kama cheti cha shule.

Ni pale kwenye kigoda aliponisimulia habari za kwao, kijiji cha milimani kwenye kisiwa cha kusini, ambako mvuke hutoka hata pembeni mwa barabara. Baba yake alimpeleka nyumba ya wageni ya maji ya moto kila baada ya kuvuna mpunga. Wanaume hukaa kwenye vigoda kwa mstari, wakaoshana migongo, mdogo akimwosha mkubwa.

"Kwetu pia maji hayo yapo," nikamwambia. "Yanachemka hasa. Sisi tunachemshia mayai."

Akageuka nusu aanguke kwenye kigoda. "Sisi pia! Tunayaweka kwenye kikapu!"

Kuanzia hapo tukawa watu wa kijiji kimoja. Na siku moja akasema, bila kunitazama, "Nataka kuingia tena katika yale maji kabla sijafa. Kwa miguu yangu. Si kwa winchi."

Winchi ndilo jina alilozipa mashine zetu za kunyanyulia.

Janet hakutaka kusikia. Alihesabu hatari zote na hakukosea hata moja: sakafu za mawe, ngazi, kulala chini, maji ya moto na shinikizo la damu. "Akianguka huko? Akifa huko?"

"Nitakufa nikiwa msafi," Mzee akasema.

Janet akanigeukia mimi. "Wewe ndiye unayemwosha. Niambie ukweli. Inawezekana?"

"Leo haiwezekani," nikasema. "Nipe kipindi chote cha baridi."

Mke wangu Rebeka aliposikia, aliweka mwiko chini. "Kiprop, uko serious? Mwaka wa kustaafu, badala ya kwenda home kuona shamba, unaenda Japan kuosha mtu?"

"Nitachukua likizo yangu. Si kazi."

"Si kazi, na utaosha?"

"Nitaosha."

"Haya. Mgongo ukikataa huko, usinipigie. Piga kwa huyo Mjapani wako." Kisha akanifungashia mafuta ya kuchua, chupa nzima.

Nilikuwa nimeshaamua. Sijui kama mnajua jambo hili kuhusu kazi yetu, kwamba miaka yote unasaidia watu wapoteze taratibu, polepole, kwa heshima. Leo ngazi, kesho kijiko. Nilitaka mara moja kabla sijaondoka nimsaidie mtu arudishe kitu.

Tulianza mazoezi. Kuinuka kitini, kisha kwenye kigoda kifupi, kisha sakafuni kabisa, maana kule hakuna vitanda. Kutoka sakafuni njia ni hii: mtu ajigeuze kwa upande mzima, apige magoti, awekewe kiti mbele yake, aegemee, mguu mzima utangulie kukanyaga. Kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma tulipanda na kushuka, mimi nikiimba mbingu na jehanamu, majirani wakidhani nimefungua kanisa. Kulikuwa na asubuhi moja aliyoketi sakafuni akakataa kuinuka.

"Nimechoka, Kiprop. Niache. Mimi ni mzee mgonjwa, tuache mchezo."

Sikumbembeleza. Niliketi sakafuni kando yake, nikaegemea ukuta. "Basi tukae. Mimi pia nimechoka."

Tukakaa. Simu ya kazi ikalia, kwamba muda wangu umepita, nikaifunika kwa taulo. Mwishowe akasema makalio yanamwuma kwa baridi, akapiga magoti mwenyewe, akainuka.

Majira ya kuchipua yalipofika tukasafiri, yeye, Janet na mimi. Ndege, treni, halafu gari dogo la ile nyumba ya wageni lililopanda milima katikati ya mianzi, na moshi mweupe unatoka kwenye nyufa za ardhi. Harufu ya kiberiti ikanifikia puani. Ilikuwa harufu ya Loboi.

Nyumba yenyewe ni ya mbao, ya zamani. Unavua viatu mlangoni. Chumbani hakuna kitanda wala kiti, ni mikeka minene iliyotandazwa ukuta kwa ukuta na meza moja fupi, na kila mgeni anapewa joho jepesi la pamba la kuvaa mpaka siku ya kuondoka. Mhudumu wetu aliitwa Bi Fumiko, mama wa rika langu, mwenye hatua fupi za haraka. Alileta chai, akaleta chakula katika visahani vingi vidogo, akatoa magodoro kabatini akatutandikia. Kila alipoinama kuweka kitu nami niliinuka kumpokea, tukagongana vichwa mara moja.

Asubuhi nilifanya mlichofanya nyote mkilala ugenini, msinidanganye. Niliamka kabla ya wenzangu, nikakunja godoro langu, nikatoa mashuka, nikayaviringisha vizuri karibu na mlango, nikafuta meza, nikapanga vikombe. Bi Fumiko akafungua mlango, akaona, akaweka mkono mdomoni. Nikangoja sifa. Badala yake akainama mpaka chini, akaenda mbio, akarudi na mama mwenye nyumba, wakainama wote wawili.

Mzee Isamu alikuwa ameamka, mabega yanamtikisika kwa kicheko. "Wanauliza wamekukosea nini mpaka ukaamua kujihudumia."

"Waambie hakuna kosa! Ni mazoea tu."

Akawaambia, wakatoka wakiwa bado na wasiwasi. Kisha akanigeukia. "Umemnyang'anya mama wa watu kazi yake. Ungefika kwangu ukakuta nimeshajiosha, ungejisikiaje?"

"Ningefurahi."

"Mwongo. Keti. Ukiletewa chai, kunywa."

Nikaketi. Mikono yangu haikujua iende wapi. Nikaiweka magotini, ikarudi mezani kupanga vikombe, Mzee akaipiga kwa kijiti cha kulia chakula.

Mama mwenye nyumba alikuwa ametufikiria. Alisema kuna bafu dogo la familia, lenye kufuli, tunaweza kulitumia sisi peke yetu. Janet akashukuru. Mimi nikashukuru zaidi. Mzee akatikisa kichwa.

"Sikuvuka dunia kuja kujificha. Nitaingia lile kubwa, na watu wengine."

Upande wa wanaume Janet hawezi kuingia. Kila kitu kilikuwa juu yangu, na hapo lazima niwaeleze jambo ambalo mwenyewe sikuwa nimelifikiria mpaka asubuhi ile. Kwetu Watugen mwanamume ana rika lake, na mtu wa rika la baba yako ni baba yako. Hata mtoni, wazee wakija kuoga, vijana tulichukua nguo zetu tukaondoka. Kusimama uchi mbele ya mtu wa umri ule ni jambo ambalo halina hata jina la heshima. Nilikuwa nimeosha wanaume wa rika la baba yangu maisha yangu yote ya kazi, lakini waliokuwa uchi ni wao. Mimi nilikuwa na sare, eproni ya plastiki na glavu. Na ndani ya sanduku langu, chini ya mafuta ya Rebeka, nilikuwa nimefunga eproni na glavu.

Katika chumba cha kuvulia nguo nilimsaidia Mzee kuvua, nikampa kitaulo chake. Kisha nikavaa kaptura, nikafunga eproni kiunoni, nikavuta glavu mpaka zikalia pwa. Nikatelezesha mlango, Mzee akatangulia kuingia, nami nikamfuata.

Mvuke ulikuwa mzito. Kulikuwa na ukumbi wa mawe, vigoda vya mbao kwa mstari ukutani, kila kimoja na bomba lake, na mbele bwawa linalofuka moshi. Wazee wachache walikuwa humo, wakulima kwa kuwatazama mikono. Mazungumzo yao yakakatika. Jamani, jifikirieni mmo bafuni kwenu mmetulia, halafu mlango unafunguliwa anaingia Mwafrika mrefu na eproni nyeupe na glavu.

Mzee Isamu alishika reli ya ukutani kwa mkono mzima, akanitazama kutoka unyayoni mpaka utosini.

"Nani amekufa?"

"Mzee, ni kwa usalama."

"Watazame." Hakupandisha sauti. "Wanakutazama wewe, halafu wananitazama mimi. Kabla hujaingia nilikuwa mzee anayekuja kuoga. Sasa ni mgonjwa. Mgonjwa nimekuwa kila siku Kingstanding, Kiprop. Hapa nilitaka kuwa mtu."

"Siwezi kuvua mbele yako. Kwetu wewe ni baba yangu."

"Baba yako alikuosha akiwa amevaa mfuko?"

"Mzee, tafadhali, twende tukae kwanza."

"Sikai. Nitasimama hapa mpaka uvue."

Nilikuwa nakijua kile kiburi. Nilikijua na ule mguu wa kushoto, nikauona umeanza kutetemeka. Nikienda kumshika akiwa hataki, tutateleza. Nikibishana, ataanguka, na hofu yote ya Janet itakuwa kweli mbele ya macho yangu, na kipindi chote cha baridi kimepotea bure, na hataingia yale maji tena kamwe. Na aliyezuia si mguu wake. Aliyezuia ni mimi, na kipande cha plastiki.

Shuleni tulifundishwa kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilikuwa nimeyavuka mabara yote kuyafuata maji haya, na nguo sijavua. Nikafungua eproni. Nikatoa glavu, moja, nyingine. Nikavua kaptura nikaikunja, maana hata katika aibu mazoea ni mazoea, nikavirusha vyote chumba cha nyuma. Niliona aibu, vijana, aibu ya kutaka ardhi inimeze. Mmoja wa wale wakulima akatazama pembeni kwa adabu, akasogeza vigoda viwili karibu yetu kwa mguu, akaendelea na maongezi yake.

Tukakaa. Nikanyoosha mkono kuchukua sabuni yake.

"Geuka," Mzee akasema.

"Mimi?"

"Wewe ndiye mdogo, nawe utaniosha, ndiyo desturi. Lakini leo naanza mimi. Geuka."

Nikageuza mgongo. Nikasikia maji ya bomba, nikasikia taulo ikisokotwa kwenye shingo ya bomba kwa mkono mmoja kama nilivyomfundisha. Kisha taulo ikatua katikati ya mabega yangu bila onyo, nikaruka.

"Ndivyo wanavyonifanyia wenzako," akasema. "Sasa unajua."

Nikajua na mengine. Nilijua kwamba aliyegeuza mgongo haoni mkono unakoelekea, hivyo mwili wake wote unangoja. Nilijua kwamba mwoshaji akisimama kidogo kutafuta sabuni, wewe uliyelowa unapigwa na baridi ambayo yeye haisikii. Na nilijua kwamba haraka hupita kwenye kiganja. Mkono wa Mzee haukuwa na haraka. Alisugua sehemu ile ya chini ya mgongo wangu iliyobeba nusu ya wazee wa Birmingham, akaisugua polepole, akarudia. Hakuna aliyeniosha mgongo tangu mama yangu aliposema sasa wewe ni mkubwa, nenda mtoni. Nilikuwa nimewaosha watu wasiohesabika na sikuwa nimewahi kuketi upande wa pili. Nikalia. Sikuficha sana, mvuke ulikuwepo na uso wangu ulikuwa umelowa tayari.

Kisha nikamwosha yeye, nikasema kila mahali kabla sijagusa, na mara hii nilijua kwa nini.

Sasa maji. Kuelekea bwawani kulikuwa na ngazi za mawe zinazoshuka ndani ya maji na reli ya mbao. Nilitangulia kuingia mimi ili niwe chini yake, kwa sababu anayeshuka huanguka mbele. Maji yaling'ata ngozi. Nikamchotea akajimwagia miguuni kwanza, mwili uzoee. Pua ikapita vidole, akainuka kutoka kwenye kigoda nilichomsogezea ukingoni. Mkono mzima kwenye reli.

"Nani anatangulia?" nikamwuliza.

"Mbaya," akasema, meno yamekazwa. "Jehanamu."

Mguu wa kushoto ukashuka ukatafuta jiwe, ukalipata. Mzima ukafuata. Mbaya tena. Katikati alisimama, akatikisika, nikaweka kiganja hewani karibu na kiuno chake bila kumgusa, kama Miss Pearl alivyotaka, karibu tu. Mguu ukapata ngazi ya mwisho, akaketi, maji yakamfika kifuani, na akatoa sauti ndefu, "Aaaah," sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu yeyote niliyemwosha Birmingham. Mkulima mmoja akaijibu kwa sauti hiyohiyo. Ndiyo salamu yao.

Sikumruhusu akae sana. Maji ya namna ile hushusha shinikizo la damu, na mtu aliyetoka ghafla huzimia. Nilimtoa kwa hatua, kwanza akaketi ukingoni miguu ikiwa bado majini mpaka rangi ikamrudia usoni, nikampa maji ya kunywa. Kupanda, mwema akatangulia mbinguni. Aliposimama juu, yule mkulima wa vigoda akampa Mzee fimbo yake ya kutembelea, iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akainamisha kichwa, mtu kwa mtu.

Janet alikuwa anangoja ukumbini, vidole mdomoni. Akamwona baba yake anakuja na joho lake na fimbo, mwekundu kama nyanya.

"Vipi?"

"Msafi," Mzee akasema.

Tulikula mayai yaliyochemshwa kwenye kikapu pale mvukeni. Bi Fumiko alinimenyea la kwangu, nikamwacha amenye.

Turudi kwenye malalamiko yenu. Tuliporudi Kingstanding, Mzee Isamu hakukataa kuoga tena, lakini aliweka sharti. Kila asubuhi kabla sijamgusa, aliilowesha taulo kwa maji ya moto, akaikamua kwenye bomba kwa mkono wake mmoja, akanipa nijifute uso. "Baada yako," alisema. Ofisi wakanipigia kwa nini nachelewa kutoka kwake kila mara. Nikawaambia naoshwa. Wakadhani laini ni mbaya.

Alifariki kitandani kwake, mimi nikiwa karibu kustaafu. Janet aliniomba nimwoshe mara ya mwisho. Nilivaa eproni na glavu, sheria ni sheria. Lakini kabla ya kuzivaa nilikwenda bafuni, nikailowesha taulo yake, nikaizungusha kwenye bomba, nikaisokota kwa mkono mmoja, nikajifuta uso. Ndipo nikaenda kwake, nikamwambia, kabla sijamgusa, ninapoanzia.

Kwa hiyo yule anayekutupia sifongo, usimwandike kwamba amekataa. Mwulize kwao kuoga ni nini. Kisha umpe kitu cha kukufanyia, hata kama ni kukushikia sabuni. Na Jumamosi ijayo mkija hapa nitaleta ndoo na kigoda, na kila mmoja wenu ataketi aoshwe miguu na mwenzake. Mnacheka. Chekeni, lakini mtaketi.

Nyonga yangu hii ya kulia haina muda mrefu. Rebeka anajua, nami najua. Siku moja mmoja wenu atabisha mlango huu na eproni yake na simu yake inayohesabu dakika. Atanikuta bafuni, nimeshafungua maji, nasokota taulo kwenye bomba. Nitampa. Na asithubutu kuniambia ana haraka. Ajifute uso kwanza, ndipo ataniosha.